Hifadhi Kabla Stima Haijapotea!

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alichapa insha hadi tamati, stima ikapotea, insha nayo ikaenda! Kisa? Hakuhifadhi.

Tarakilishi ina mahali pawili pa kuweka kazi. Kwanza ni kumbukumbu ya muda. Hii ni kama ubao: ina kasi, lakini umeme ukikatika, yote hufutika. Pili ni diski. Hii ni kama daftari: hutunza kazi hata mashine ikizimwa.

Unachochapa huanzia ubaoni. Kuhifadhi ni kukinakili daftarini. Basi kila umalizapo aya, bonyeza vitufe vya Ctrl na S pamoja. Mara ya kwanza utaulizwa jina la faili. Programu nyingine huhifadhi zenyewe, lakini si zote. Jamani, tahadhari kabla ya hatari!