Tamaa Ikunje Ingali Wazo

Wanachuo wenzangu, mwaka jana hela ya field iliponikuta nafundisha kwetu Karatu, kila asubuhi nilipita duka la simu kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro. Siku ya kwanza nilitazama simu moja, basi. Wiki ya pili nilikuwa nalala nayo kichwani. Mama aliponiomba nichangie sare ya mdogo wangu, nikamjibu kwa ukali ambao hadi leo unaniuma.

Hasira ile ilitoka wapi, na simu yenyewe sikuwa nayo?

Jibu nililikuta baadaye maktaba, kwenye Bhagavad Gita, sura ya 2. Ukikiwaza kitu mara kwa mara, unashikamana nacho. Kushikamana huzaa tamaa, tamaa huzaa hasira, hasira hufunika akili hadi mtu anasahau anachokijua. Mama hakunikosea kitu. Alisimama tu kati yangu na simu.

Wengi tukisikia yoga tunawaza watalii wanaojinyoosha kwenye mikeka. Lakini katika Yoga Sutra ya Patanjali, mikao ya mwili ni hatua moja tu kati ya nane. Akili, anasema, hutulizwa kwa mambo mawili: mazoezi ya kudumu na kutong'ang'ania. Na kinachomfungua mtu ni viveka, yaani upambanuzi.

Upambanuzi wa nini? Katha Upanishad inamsimulia kijana Nachiketa, ambaye Kifo mwenyewe alimwahidi mali na maisha marefu ili aache kuuliza maswali. Alikataa. Anafundishwa kwamba kila mtu hujiwa na vitu viwili, chema na kitamu, na mwenye busara huvitenganisha kabla ya kuchagua.

Mimi ni Mkatoliki, na somo hili limenifaa. Halisemi simu ni dhambi. Linaniambia niulize mapema: hiki ni chema, au ni kitamu tu? Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Tamaa nayo ikunje ingali wazo. Ikishakuwa hasira umechelewa.

Mama nilimwomba radhi, sare ikanunuliwa. Simu yangu ni ileile yenye kioo kilichopasuka. Nikipita pale dukani jicho bado linakwenda. Najiuliza swali langu, kisha naendelea na safari.

Boom likiingia muhula huu, jaribu na wewe.