SOMO LA BIASHARA: FEZA INAYONGOJA

Wanafunzi wenzetu, tunajua watu wanaouza kahawa yao ingali maua juu ya muti, sababu ya haraka ya makuta. Basi tuangalie mutu aliyejifunza kungoja.

Warren Buffett alizaliwa Omaha, Marekani, mwaka 1930. Akiwa na miaka 11 alinunua sehemu tatu za kampuni moja, kila sehemu dola 38 hivi. Bei ikashuka, akaogopa. Ilipopanda kidogo akauza kwa dola 40. Nyuma ikafika dola 200! Baadaye mwalimu wake, Benjamin Graham, alimufundisha hivi: pima kwanza thamani ya kitu chenyewe, kisha ununue wakati bei iko chini yake. Nyumba aliyonunua mwaka 1958 kwa dola 31.500 hakuihama, hata na utajiri wote ule.

Lakini tusifikiri ni akili ya Wazungu tu. Wafanyabiashara wa Butembo, wengine walioanza na mboga na maharagi ya kupeleka Kisangani, waligeuza faida kuwa kamio, duka, nyumba. Mwezi wa 12 mwaka 1979 serikali ya Zaire iliondoa noti za zaire 5 na 10, ikatoa siku chache tu za kubadilisha. Mwenye noti katika sanduku alilia. Mwenye nyumba ya matofali aliamka nayo. (Buffett hakujua feza inayokufa hivi, hapo wazee wetu wanamupita.)

Kazi ya juma: muulize muzee mumoja nyumbani mwaka ule alikuwa na nini mukononi, na leo kimebaki nini. Muandike na bei.