Kabla Hujagusa Daraja: Kunyoosha Sauti za Gitaa Ulilolitengeneza Mwenyewe

Umefunga nyuzi sita, tyuna inasema zote ziko sawa, na kodi ya E pale karibu na kichwa inalia vizuri. Unapanda freti ya tisa kupiga solo, na ghafla gitaa liko kwenye wimbo wake na besi kwenye wimbo mwingine. Kwa gitaa la dukani ushauri wa kila mtu ni mmoja: shika bisibisi, sogeza daraja. Gitaa ulilochonga mwenyewe halitaki haraka hiyo. Kiwandani freti hukatwa kwa mashine, hivyo fundi ana haki ya kuziamini na kuhangaika na daraja tu. Wewe huna dhamana hiyo. Freti, nati, nyuzi, chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa ndicho kilichokosea, na daraja likabeba lawama za wenzake.

Funga nyuzi mpya kwanza. Uzi uliokula kutu na jasho hauna tena unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na uzi wa namna hiyo hautakubali kunyooka hata ufanyeje. Wanaotumia nyaya zilizochambuliwa kutoka kebo ya breki wana tatizo hilohilo: waya hulia, lakini ukiwa na mkunjo mmoja tu, hesabu zote za chini huharibika. Tumia nyuzi za gitaa wakati wa kupima, hata kama baadaye utarudi kwenye waya.

Sasa pima. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige upate hamoniki. Kisha ubonyeze hapohapo na upige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa kuwa moja. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopotea. Endelea kupima freti ya 1, 3, 5, 7, 9 na 15, ukibonyeza kwa nguvu unayotumia ukipiga muziki, na andika kwenye karatasi kila noti imepanda au imeshuka kwa senti ngapi (nusu toni moja ina senti 100). Programu ya tyuna kwenye simu inatosha, ilimradi chumba kiwe kimya.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ugonjwa uko wapi. Noti zikipanda sana freti za mwanzo halafu zikatulia kadiri unavyokwenda juu, nati iko juu mno. Zikikosea kwa kiasi kilekile kila mahali, nati imewekwa mahali pasipo pake. Kosa likikua pole pole kadiri unavyopanda, hapo ni daraja. Na kama freti moja tu inaruka huku jirani zake ziko sawa, kosa ni la freti hiyo peke yake. Ukiona mchanganyiko usioeleweka, funga kapo freti ya kwanza, tyuni upya, upime tena: kasoro ikitoweka, acha daraja, nenda kwenye nati.

Nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kati ya kichwa na freti ya kwanza, ndiyo ninayoishuku kabla ya kingine chochote kwenye gitaa la nyumbani. Mtu huchonga mifereji yake kwa woga, akiogopa uzi utagonga freti, basi anaiacha juu. Kila unapobonyeza freti ya kwanza uzi unavutwa chini mbali kuliko inavyopaswa, unakaza, sauti inapanda. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Iwe nyembamba kama unywele, uzi ukikaribia kugusa lakini bado haujagusa. Kama ni pana, shusha mfereji kwa msasa laini uliokunjwa juu ya kipande cha uzi wa zamani, au kwa vile vijiwaya vyenye meno ambavyo mafundi wa gesi husafishia pua ya kuchomelea. Mfereji uteremke kuelekea kichwani, ili uzi uachie nati kwenye ukingo wa upande wa freti. Ukiachia nyuma zaidi, urefu wake umeongezeka bila wewe kujua. Ukichimba kupita kiasi, jaza mfereji unga wa mfupa, dondosha supagluu, subiri ikauke, chonga upya.

Kuna njia ya kuikwepa kazi hiyo karibu yote: freti sifuri, yaani freti ya ziada inayokaa pale nati ilipokuwa, huku nati ikibaki kuelekeza nyuzi tu. Gitaa ambalo Brian May wa Queen alilitengeneza na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikiwa ni mbao ya rafu ya jiko la kuotea moto, lina freti ya aina hiyo. Kwa anayeanza kuchonga, siioni sababu ya kutoifuata.

Nafasi za freti zina hesabu isiyobembelezwa. Chukua urefu kutoka nati hadi daraja, ugawanye kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza. Kinachobaki kigawanye tena, na tena. Kwa milimita 648, freti ya kwanza iko 36.4 kutoka nati, ya tano 162.5, ya saba 215.5, na ya 12 iko 324, nusu kamili. Pima zote kutoka kwenye nati kwa rula moja ya chuma isiyosogezwa. Ukipima freti hadi freti, kosa la robo milimita huzaliana, na ukifika ya 12 umeshapoteza milimita tatu. Hapo, milimita moja tu ni zaidi ya senti tano. Angalia pia vichwa vya freti: freti iliyopigwa msasa hadi ikawa bapa huachia uzi kwenye ukingo wa upande wa daraja, na noti inapanda. Irudishie mgongo wake kwa tupa. Kwa tupa hiyohiyo unaweza kusogeza kilele cha freti iliyokosewa kidogo. Iliyokosewa zaidi ya nusu milimita ing'oe, ziba mfereji kwa kibanzi cha mbao na gundi, kata upya. Zikiwa tano au sita, badilisha ubao mzima wa freti.

Kabla ya daraja, shusha pikapu. Sumaku iliyo karibu mno huvuta nyuzi nene, na tyuna inacheza bila kutulia.

Baada ya hapo bisibisi ni halali. Noti ya freti ya 12 ikiwa juu ya hamoniki, rudisha kidaraja cha uzi huo nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Kwa urefu wa milimita 648 kutoka nati hadi daraja, kila milimita hubadilisha karibu senti 2.7, kwa hiyo noti iliyopanda senti nane inataka milimita tatu. Tyuni upya kila ukisogeza. Daraja lako likiwa kipande cha mbao kisicho na skrubu, usiligundishe bado. Liache lishikwe na nyuzi, ulilaze mshazari: upande wa uzi wa kwanza milimita moja na nusu au mbili nyuma ya mstari wa hesabu, upande wa uzi wa sita nne hadi tano. Uzi wa tatu usiozungushiwa waya hutaka kurudi nyuma kuliko wa nne, na wengi hushtuka wakiliona hilo.

Hata baada ya yote haya, G kali (G#) ndani ya kodi ya E itasikika imepanda kidogo, karibu senti 14 juu ya sauti ambayo sikio linaitaka. Hilo ni umbo la freti zenyewe, kwenye kila gitaa, hata la bei mbaya. Usiguse daraja kwa ajili yake. Ukirekodi wimbo wenye kodi hiyo nyingi, shusha uzi wa tatu kidogo kwa wimbo huo, kisha uurudishe.