Kwa Nini Muuguzi Wetu Anafikiria Kuacha Kazi

Mkaazi akifika kwenye zahanati saa nne asubuhi na kukuta foleni imetoka hadi langoni, jambo la kwanza analopima ni uso wa muuguzi. Akipokewa kwa upole, atasema huduma ni nzuri hata kama dawa zimekwisha. Akijibiwa kwa mkato, mtaa mzima utapata habari kabla ya jioni. Ni wachache wanaojiuliza upole huo unatoka wapi. Upole huo ni kazi, tena kazi inayochosha.

Wataalamu huiita kazi ya hisia. Aliyeieleza kwa mapana ni mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege. Aliona kwamba hawalipwi kwa kubeba sinia za chakula pekee. Wanalipwa pia kwa kutabasamu, kumvumilia abiria mkorofi na kuficha hofu yao.

Hochschild alitofautisha njia mbili za kufanya kazi hiyo. Ya kwanza ni kuigiza usoni: moyo unachemka lakini midomo inatabasamu. Ya pili ni kubadilisha hisia yenyewe. Muuguzi anajiambia, "Mama huyu ananifokea kwa sababu anaogopa kumpoteza mwanawe," na hasira inapungua kweli. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kuigiza usoni ndiko kunakomaliza mtu zaidi.

Mzigo wa muuguzi ni mzito kuliko wa mhudumu wa ndege. Katika wodi ya kujifungulia, anampa pole mama aliyepoteza mtoto, kisha anageukia kitanda kinachofuata na kusema hongera. Hapati hata nafasi ya kupangusa machozi yake. Katika zahanati za mashinani, mara nyingi muuguzi ni yule yule anayechanja, anayezalisha, anayegawa dawa na anayejaza vitabu vya ripoti. Isitoshe, ndiye anayeomba radhi kwa dawa ambazo si yeye aliyezichelewesha. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa mwananchi humlaumu aliye mbele yake.

Hata hivyo, kazi ya hisia peke yake haimfukuzi mtu kazini. Wako wauguzi waliochagua kazi hii kwa sababu wanapenda kuhudumia watu, na mgonjwa anayepona huwapa nguvu ya kurudi kesho. Suala ni kama kazi yenyewe inawarudishia chochote: mshahara unaofika kwa wakati, kupandishwa cheo bila kusubiri miaka, glavu za kutosha, msimamizi anayesikiliza, na idadi ya wagonjwa ambayo binadamu anaweza kuimudu.

Kuhusu idadi hiyo tuna takwimu. Mwaka wa 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wauguzi zaidi ya 10,000 katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi uliongeza uwezekano wa uchovu wa kupindukia kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15. Miongoni mwa waliokuwa wamechoka na hawakuridhika, asilimia 43 walikusudia kuacha kazi yao ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliokuwa hawajachoka na waliridhika, ni asilimia 11 tu.

Pennsylvania ni mbali, lakini hapa Kenya pia tumeona jinsi kutoridhika kunavyoishia. Huduma za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti mwaka wa 2013. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi 5, na wengi wetu tunakumbuka milango ya hospitali iliyofungwa. Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya kutoka hapa, kwa hivyo leo muuguzi aliyechoka ana pa kwenda. Nia yake haionekani mapema. Anaanza kwa kusomea mtihani wa Kiingereza usiku na kuulizia vyeti vyake, huku mchana bado anatabasamu.

Ni kweli mwananchi anaweza kumpunguzia mzigo. Salamu, kusubiri zamu yako, na kumwambia "asante, sista" hakugharimu kitu. Lakini tuseme ukweli: asante hailipi karo. Sehemu kubwa ya dawa ya tatizo hili iko mikononi mwa serikali ya kaunti, katika uajiri na vifaa, na mkaazi ana haki ya kuidai.

Serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya maoni ya umma huwa wazi kwa kila mkaazi. Mkija, msiulize tu ni zahanati ngapi mpya zitajengwa. Ulizeni kila moja itakuwa na wauguzi wangapi, na ni nani atashika zamu ya usiku yule wa mchana akienda nyumbani kulala. Malalamiko kuhusu dawa pelekeni kwa kamati ya kituo chenu, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, badala ya kummalizia hasira muuguzi aliye dirishani.