Nondo Wahesabiwe, Dawa Ingoje: Vidokezo kwa Wakulima wa Mahindi

Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka uliofuata alishaingia kwenye mahindi ya Kenya na Tanzania. Kiwavi huyu akikua huwa nondo, na nondo jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 1,000, na siku chache tu yanaanguliwa. Mtego wenye kamera hukustua kabla majani hayajatoboka.

1. Ujue unavyofanya kazi. Ndani mna chambo chenye harufu ya nondo jike, na kibao cha gundi. Kamera hupiga picha, programu huhesabu madume walionasa, na idadi hufika kwenye simu yako. Umeme wake ni wa sola.

2. Nunueni kikundi, maana bei yake si ya mkulima mmoja. Mkishindwa, mtego wa ndoo wenye chambo hichohicho unafaa kabisa, ila kuhesabu ni kazi yenu kila wiki.

3. Utundike mapema, mahindi yanapoanza kuchomoza. Chambo kibadilishwe kila baada ya wiki 3 hadi 6.

4. Usipulizie dawa kwa sababu ya idadi ya mtegoni! Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Dume hatagi, wala nondo hali mahindi. Idadi ikipanda, ingia shambani: pita kwa umbo la W, simama sehemu tano, na kila sehemu kagua mimea 10. Chungulia moyo wa mhindi. Je, kuna majani yaliyokwanguliwa na kinyesi kibichi kama maranda ya mbao? Hesabu mimea iliyoshambuliwa, zidisha kwa mbili, hiyo ndiyo asilimia yako. Ipeleke kwa afisa ugani muamue pamoja, mkizingatia umri wa mahindi. Dawa ya kubahatisha huua pia nyigu wadogo na sisimizi, ambao wanakupigania bure.

5. Zitazame picha mwenyewe. Programu huweza kumhesabu nondo wa aina nyingine, na vumbi kwenye lenzi huharibu kila kitu. Futa lenzi, badilisha kibao kilichojaa.

6. Una shaka na jani? Programu ya Nuru ya PlantVillage hulichunguza kwa kamera ya simu, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti.

7. Wape majirani idadi zako. Nondo huyu huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Aliyenaswa kwako leo huenda wenzake wako kwa jirani tayari.