Losheni ya maziwa ya mbuzi

Swali: Losheni ya maziwa ya mbuzi inatengenezwaje nyumbani huku Runingu, katika bonde la Ruzizi, na inakaa muda gani?

Jibu: Losheni ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa, hapa maziwa hushika nafasi ya maji. Maziwa hayo huchemshwa kwanza, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosi, ambavyo huingia hata kupitia michubuko ya ngozi.

Gramu 75 za maziwa huhitaji gramu 19 hivi za mafuta na gramu 6 za nta maalumu ya losheni. Nta ya nyuki peke yake haishikanishi vizuri. Mawese yanapatikana kwa urahisi katika bonde hili, ila wekundu wake hutia nguo madoa. Mafuta ya kokwa za mchikichi yanafaa zaidi. Mafuta na nta huyeyushwa pamoja, maziwa hupashwa kando, vyote hadi nyuzi 70 hivi, kisha huchanganywa na kukorogwa mfululizo mpaka vipoe.

Ugumu hasa uko kwenye kuhifadhi. Sukari na protini za maziwa ni chakula cha bakteria na kuvu, na joto la pwani ya Ziwa Tanganyika huvistawisha upesi. Ndimu haizuii hilo. Vitamini E huchelewesha tu mafuta kuchacha. Losheni isiyo na kihifadhi ikae kwenye friji, itumike kwa siku chache, isipakwe kidonda wala mtoto mchanga. Hata yenye harufu nzuri inaweza kuwa imeharibika.

Pasipo friji, ni salama zaidi kuacha maziwa kabisa: sehemu 4 za mafuta na 1 ya nta ya nyuki hutoa pomadi inayokaa miezi.