Tujifunze Kuuliza Mkutanoni

Jumamosi moja alasiri tulikwenda kuketi katika mkutano wa mtaa mmoja mjini Dar es Salaam. Jina la mtaa twaliacha, maana tuliyoyaona huko yapo katika mitaa mingi, wala hatupendi kuwaaibisha watu waliotupokea kwa wema. Mkutano ulitangazwa kuanza saa tisa. Ilipotimu saa kumi walikuwapo wazee saba, akina mama wapata ishirini, na vijana wachache walioegemea ukuta kwa mbali kama watu walio tayari kuondoka. Mezani walikaa mwenyekiti, mtendaji wa mtaa, askari wa kata, na bibi mmoja wa afya aliyetumwa na halmashauri.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama mmoja, naye alisema juu ya njia ipitayo nyuma ya nyumba, kando ya mfereji. Usiku njia hiyo ni giza tupu. Binti yake hupita hapo akitoka masomo ya jioni, na majuma mawili nyuma alinyang'anywa mkoba. Kabla mama huyo hajamaliza, mzee mmoja akadakia kwamba mfereji wenyewe umejaa taka. Mwingine akasema juu ya maji ya bomba. Wa tatu akauliza habari za kelele za baa. Punde si punde kila mtu alikuwa akinena na hapakuwa na wa kusikiliza. Mwenyekiti akagonga meza, akasema, "Tumewasikia, tutalifanyia kazi." Watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Jioni ile binti yule alipita njia ile ile.

Tuliporudi tuliulizana: kosa ni la nani? Wengi wangejibu upesi kwamba ni la wakubwa. Sisi twaona kwamba neno hili lahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi.

Yafaa tuanze na asili ya mkutano wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za nchi hii zilivunjwa, na mambo ya wananchi yakashikwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Mijini matokeo yalionekana mapema: mifereji haikuzibuliwa, taka hazikuzolewa, na kipindupindu kikazuka. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa, moja kwa wilaya na nyingine kwa miji. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na ya 146, yasema kwamba vyombo hivi vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo mkutano wa mtaa si hisani ya mwenyekiti, wala si mkutano wa chama chochote. Ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, mwenye nyumba na mpangaji sawasawa. Twalitilia mkazo neno la mpangaji, kwa sababu wapangaji wengi hudhani hawana sauti, ilhali ni wengi katika mitaa ya miji yetu.

Hapo watu huchanganya mambo. Wengine bado humwendea balozi wa nyumba kumi wakidhani ndiye serikali. Nyumba kumi kumi zilianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, nazo zilikuwa mashina ya chama. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi ni mtu wa chama chake. Huenda akawa mzee mwenye busara na jirani mwema, lakini barua ya malalamiko juu ya mfereji yapelekwa kwa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mtumishi wa halmashauri na hulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tena yatupasa kujua nani ashika nini, maana swali lililopelekwa kwa asiyehusika hurudi mikono mitupu. Taka na afya ya mtaa ni kazi ya halmashauri. Barabara za ndani ya mji na mitaro yake ziko kwa TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu ziko kwa TANROADS. Maji ni ya mamlaka ya maji, na kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Umeme ni wa TANESCO. Polisi hawako chini ya halmashauri hata kidogo. Wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Basi bibi wa afya aliyeketi pale mezani hakuwa na uwezo wa kujibu juu ya bomba, wala askari juu ya mfereji. Lakini walikuwa na uwezo wa kusema wazi, "Hili si langu, ni la fulani, nami nitamwandikia kabla ya tarehe fulani." Hawakusema hivyo. Walinyamaza, na katika hilo twawalaumu. Mtumishi anyamazaye mbele ya watu huwafundisha watu kutokuja tena.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtaa si kama kijiji. Kijiji kina halmashauri yake, chaweza kutunga sheria ndogo, na chaweza kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu lake la kujengea daraja. Nguvu yake ni kulichukua neno la mkutano na kulifikisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na diwani kulipeleka mbele katika baraza la halmashauri. Kama mkutano haukutoa neno lililo wazi, mwenyekiti atabeba nini? Atabeba makelele tu.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wajifunze kuuliza. Mama yule angaliuliza hivi: "Njia ya nyuma ya nyumba ina giza. Ni ya nani? Nani aweza kuweka taa, na tupewe jibu siku gani?" Halafu mkutano mzima ungalinyamaza mpaka jibu litoke, kabla ya kurukia mfereji. Jibu lingaliandikwa katika muhtasari, na muhtasari huo ungalisomwa mwanzoni mwa mkutano unaofuata. Katika mitaa mingi muhtasari huandikwa na kufungiwa kabatini. Mwananchi ana haki ya kuomba usomwe, kama alivyo na haki ya kusomewa mapato na matumizi. Aombe kwa adabu, wala asichoke.

Twajua wako watakaosema kwamba maneno haya ni mepesi karatasini. Na wakumbuke Hanna Nassif, katika wilaya ya Kinondoni. Mahali pale palikuwa pa bondeni, nyumba zimebanana, na kila masika maji yakiingia ndani. Mwaka 1994 wakazi, kwa kamati waliyoichagua wenyewe, wakishirikiana na watu wa jiji na kusaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, walianza kujenga mifereji na njia kwa mikono yao, wakilipwa ujira. Haikuwa kazi ya siku moja; iliendelea miaka kadhaa, na kabla ya jembe kuinuliwa palikuwa na vikao vingi vya kubishana njia ipite wapi na ukuta wa nani ubomolewe. Vikao vile vya kuchosha ndivyo vilivyojenga mfereji.

Sasa tuseme juu ya usalama, maana hapa hatari ni kubwa zaidi. Vijana wale walioegemea ukuta walisema neno moja tu mkutano mzima: "Wezi tutawamaliza wenyewe." Watu wakacheka, na wengine wakaitikia. Sisi hatukucheka. Desturi ya raia kulinda kwao si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua walinzi hao. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi nalo limehimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Hayo ni mema. Lakini sheria yaweka mpaka. Raia aweza kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha hana budi kumkabidhi kwa polisi bila kukawia. Katiba, ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Anayemwaga petroli juu ya kijana aliyepigiwa kelele za mwizi ni mwuaji, hata kama kijana yule aliiba kweli. Na ni mara ngapi imejulikana baadaye kwamba hakuiba? Wazazi, walinzi wa mtaa ni wana wenu. Kabla hawajapewa firimbi na rungu, mkutano uwaandikishe majina, zamu zao zijulikane kituoni, na askari wa kata awafundishe mpaka huo wazi wazi. Fedha zinazochangwa kwa ulinzi nazo zitolewe risiti. Kikundi kisicho na daftari leo hulinda, kesho hutoza.

Tulirudi katika mtaa ule mkutano uliofuata, kwa sababu tulitaka kujua habari za ile njia. Mama yule alikuja na karatasi. Alisoma swali lake moja, akaketi, akamtazama mtendaji. Safari hii kulikuwa na ukimya. Mtendaji akaeleza kwamba njia ile si barabara, ni uchochoro baina ya viwanja, hivyo nguzo ya taa isitazamiwe upesi. Bali nyumba sita zaielekea, na kila nyumba ikiweka taa moja ya nje uchochoro utakuwa na mwanga. Hapo ubishi ukazuka juu ya nani alipe umeme. Mpangaji mmoja akasema mita ni yake, hawezi kuwashia taa watu wote. Mzee mwenye nyumba akamjibu, "Mwanangu, taa hiyo nitailipa mimi, wewe iwashe tu." Nyumba tano zikakubali. Ya sita imefungwa, na mwenyewe yuko Mwanza. Mtendaji akaandika jina lake daftarini, na mbele yake tarehe ya kumpigia simu. Bibi wa afya akataja siku ya gari la taka kuja mferejini, nayo ikaandikwa. Vijana wawili wakatoka ukutani wakaja kuandikisha majina ya zamu, huku askari akiwauliza wanaishi nyumba ya nani.